Nyumba ya urithi kuwa hoteli: yanayompasa mwenye nyumba wa Lamu kujua

Katika Mji wa Kale wa Lamu swali hili huzuka mara nyingi baada ya hitma ya arobaini. Mzee amefariki, nyumba ya mawe imebaki, na watoto wametawanyika: wengine Mombasa, wengine Nairobi, mmoja Ughaibuni, na mmoja tu ndiye anayelala ndani yake. Paa linavuja. Boriti mbili za msana zimeliwa na mchwa. Dalali ameshabisha hodi mara mbili akisema ana mnunuzi mwenye fedha taslimu. Katika kikao cha familia mmoja husema iuzwe, mwingine husema haiuzwi nyumba ya babu, na wa tatu, mara nyingi yule aliyewahi kufanya kazi ya utalii, husema: tuifanye hoteli.

Wazo hilo si la kubezwa. Hoteli ndogo zinazomilikiwa na familia ndizo zilizoujengea utalii wa Lamu jina, si majumba makubwa ya ufuoni yenye vyumba mia mbili. Peponi ya Shela ilifunguliwa mwaka 1967 na imeendeshwa na familia moja kwa zaidi ya nusu karne. Mitaani, kuanzia Mkomani hadi Lang'oni, zipo nyumba za vyumba vinne, vitano au vinane zinazopokea wageni mwaka baada ya mwaka. Zipo pia zilizofungua milango kwa shangwe na kufunga baada ya misimu mitatu, zikiacha deni na ndugu wasiosemezana. Tofauti baina ya hizo mbili kwa kawaida haiko katika uzuri wa nyumba. Iko katika mambo ambayo familia iliyaamua, au iliyaacha bila kuamua, kabla ya mgeni wa kwanza kuvuka daka.

Nyumba ni ya nani?

Hili ndilo la kwanza, na ndilo linaloahirishwa zaidi kwa kuwa linaumiza. Nyumba nyingi za Mji wa Kale bado zimeandikwa kwa jina la babu au baba wa babu. Kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika mji huu, mirathi hugawanywa kwa sheria ya Kiislamu, na Mahakama ya Kadhi, iliyowekwa na Kifungu cha 170 cha Katiba, ndiyo yenye mamlaka ya kuamua warithi na mafungu yao pale pande zote zinapokuwa Waislamu na kukubali kufika mbele yake. Mpaka hatua hiyo ifanyike, anayeishi ndani ya nyumba ni mrithi mmoja miongoni mwa wengi. Hana nguvu ya kisheria ya kuiwekea rehani, kuikodisha kwa miaka kumi wala kuingia mkataba kwa niaba ya ndugu zake, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akinunua chokaa miaka yote hiyo.

Vilevile ni lazima kujua kama nyumba ni ya wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi, hairithiwi na haiwekwi rehani. Matumizi yake lazima yafuate masharti ya aliyeiweka, na Tume ya Wakfu ina usemi katika jambo hilo. Kuna familia zilizotumia fedha nyingi kutengeneza vyumba kabla ya kutambua kwamba nyumba ni wakfu wa msikiti. Upekuzi wa hati katika afisi ya ardhi hugharimu kidogo ukilinganisha na bafu moja.

Warithi wakishajulikana, kuna njia tatu. Ya kwanza ni kuuza. Ikumbukwe kwamba Katiba, Kifungu cha 65, hairuhusu asiye raia kumiliki ardhi milele. Anapata haki ya kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Kwa hiyo anayeambiwa na dalali kwamba mgeni "atanunua kabisa" aulize kinachouzwa ni nini hasa.

Njia ya pili imeenea sana Lamu: mtu mwenye mtaji huitengeneza nyumba kwa gharama yake, huitumia kwa miaka kadhaa bila kulipa kodi au kwa kodi ndogo, kisha huirudisha ikiwa imesimama vizuri. Mpango huu umeokoa nyumba nyingi zilizokuwa zikianguka. Pia umezaa kesi nyingi, kwa sababu makubaliano yalifanywa kwa maneno juu ya kikombe cha kahawa. Mkataba wa kukodisha unaozidi miaka miwili uandikwe, utiwe saini na warithi wote, na usajiliwe. Ueleze nani anatengeneza paa likivuja mwaka wa tisa, ni vitu gani vinabaki nyumba ikirudishwa, na itakuwaje mwekezaji akifariki au akiondoka katikati. Milango ya kuchonga itajwe kwa idadi. Imewahi kutokea mahali pengi pa pwani nyumba kurudi bila mlango iliyotoka nao.

Njia ya tatu ni familia kuendesha hoteli yenyewe. Hiyo ndiyo inayoelezwa zaidi hapa.

Hesabu kabla ya rangi

Familia nyingi huanza na rangi ya kuta, mito na taa za shaba. Inafaa waanze na karatasi na kalamu. Huu ni mfano wa kufikiria tu, si takwimu za hoteli yoyote, na kila nyumba itaweka nambari zake.

Nyumba ina vyumba sita. Mwaka una siku 365, hivyo kuna usiku 2,190 wa kuuza. Hakuna gesti ya Lamu inayoujaza wote. Tuseme inauza usiku 700, pungufu kidogo ya theluthi moja, kwa wastani wa Sh6,000 pamoja na kiamshakinywa. Mapato ni Sh4,200,000. Kwa kikao cha familia nambari hiyo ni tamu, na hapo ndipo ndugu wa Ughaibuni huanza kuuliza fungu lake.

Sasa matumizi. Nusu ya wageni wakija kupitia mitandao ya kuuza vyumba inayotoza asilimia 15, zinakwenda Sh315,000. Ushuru wa utalii, unaokusanywa na Hazina ya Utalii kwa kiwango cha asilimia 2 ya mapato, ni Sh84,000. Kodi ya mauzo kwa biashara ndogo, asilimia 3 wakati toleo hili linaandaliwa, ni Sh126,000. Wafanyakazi wanne wakigharimu Sh20,000 kila mmoja kwa mwezi pamoja na michango ya mwajiri, ni Sh960,000 kwa mwaka. Chai, mahamri, mbaazi, mayai na matunda kwa watu wawili kila chumba, kwa Sh500 kila mtu, ni Sh700,000. Umeme, maji, gesi na intaneti vikifika Sh40,000 kwa mwezi ni Sh480,000. Kufua na sabuni, Sh200 kila usiku wa chumba, ni Sh140,000. Matengenezo, ambayo katika nyumba ya mawe na chumvi ya bahari hayaepukiki, yawe Sh450,000. Leseni na bima Sh100,000.

Jumla ya matumizi ni Sh3,355,000. Kinachobaki ni Sh845,000.

Lakini kuna mtu hajalipwa bado. Ni yule ndugu anayeamka alfajiri kufungua mlango, anayepokea simu saa tano za usiku kutoka kwa mgeni aliyekwama jeti ya Mokowe, na anayegombana na pampu ya maji. Akilipwa Sh35,000 kwa mwezi, ni Sh420,000, na baki inakuwa Sh425,000. Tuseme wazazi wote wamefariki na warithi ni watoto wa kiume wanne na wa kike wanne. Kwa mafungu ya mirathi, kila mwanamume hupata mara mbili ya mwanamke, yaani mafungu kumi na mawili. Kila binti atapata takriban Sh35,400 kwa mwaka, na kila mwana takriban Sh70,800. Na hapo bado hakuna mkopo wa benki wa kulipwa.

Hesabu hii haikusudiwi kumvunja mtu moyo. Inaonyesha mambo mawili. Hoteli ya vyumba sita inaweza kuitunza nyumba, kuajiri watu watano na kumpa anayeiendesha riziki ya heshima. Haiwezi kuwatajirisha warithi wanane walio mbali. Ndugu wakielezwa hivyo tangu mwanzo, wengi huelewa. Wakiahidiwa vinginevyo, mwaka wa pili huanza maneno ya "anakula peke yake".

Kwa sababu hiyo fedha za hoteli zitenganishwe na fedha za nyumbani. Iwepo akaunti ya benki ya biashara na nambari ya M-Pesa ya kulipia isiyo ya simu ya mtu binafsi. Hesabu zitumwe kwa warithi wote kila baada ya miezi mitatu, hata kama ni ukurasa mmoja. Familia ambayo iko tayari kusajili kampuni ndogo na kuandika hisa za kila mtu hujiepushia mengi, hasa kizazi cha wajukuu kitakapoingia na warithi wanane kuwa thelathini.

Kuhusu kazi ya ndugu: shangazi anayepika bila malipo kwa kuwa "ni nyumba yetu" ataendelea mwaka mmoja. Mwaka wa pili atachoka, au atasafiri kwa mwanawe msimu wa Disemba, na jiko litabaki tupu wakati nyumba imejaa. Alipwe, aandikwe, apate siku za mapumziko. Mfanyakazi yeyote, wa ndani ya ukoo au wa nje, anastahili michango yake ya NSSF na ya bima ya afya ya jamii, ambayo ni asilimia 2.75 ya mshahara, pamoja na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 kutoka kwake na asilimia 1.5 kutoka kwa mwajiri.

Nyumba yenyewe

Anayegeuza nyumba ya Lamu kuwa hoteli halazimiki kubuni kitu kigeni. Waliojenga nyumba hizi walikuwa wakipokea wafanyabiashara kutoka Arabuni, Bara Hindi na Comoro, na walitenga mahali pa kuwaweka. Mgeni wa kawaida aliishia dakani, kwenye baraza za mawe. Aliyelala aliwekwa katika sabule, chumba cha wageni chenye ngazi yake, kilichomwezesha kuingia na kutoka bila kupita walipo wanawake wa nyumba. Baada ya daka kulikuwa na tekani, kisha kiwanda kilicho wazi kwa juu, halafu misana iliyofuatana, na mwisho ndani, yenye ukuta wa zidaka. Kadiri mtu alivyoingia, ndivyo faragha ilivyozidi. Mpangilio huo bado unafaa: mapokezi dakani, chakula kiwandani, vyumba vya kulala juu, na familia, kama inaishi humo humo, ikabakiwa na upande wake.

Tatizo ni bafu. Mtalii wa leo anataka choo na maji ya kuoga ndani ya chumba chake, na nyumba ya mawe ya matumbawe haikujengwa kwa mabomba. Vyumba vyake ni vyembamba, chini ya mita tatu kwa upana, kwa kuwa boriti za mikoko zinazobeba dari haziendi zaidi ya hapo bila kupinda. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, vitu vinavyonyonya maji. Bafu likiwekwa popote, maji yatapenya, boriti zitaoza kimyakimya chini ya sakafu ya vigae, na siku moja dari litashuka. Mafundi wa zamani waliweka vyoo vyote upande mmoja, kimoja juu ya kingine. Kanuni hiyo ifuatwe: mabafu mapya yapangwe wima kwenye upande wa choo cha zamani, mabomba yapite mahali yanapoonekana na kufikika, na sakafu ya bafu ijengwe ikiwa na mteremko na kizuizi cha maji. Tangi la plastiki la lita elfu tano juu ya paa la boriti ni uzito wa tani tano. Lisipandishwe kabla ya fundi anayejua nyumba za mawe kuamua litakaa juu ya ukuta upi.

Saruji ni adui mwingine anayekuja kama rafiki. Ni rahisi kupatikana na hukauka haraka, lakini ukuta wa matumbawe hupumua. Plasta ya saruji huziba unyevu na chumvi ndani, na baada ya misimu miwili mitatu plasta hubambuka ikivunja na mawe nyuma yake. Chokaa ina kazi zaidi na humtaka fundi mwenye subira, lakini ukuta wake unadumu.

Hapa sheria pia inaingia. Mji wa Kale wa Lamu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na unalindwa na Sheria ya Makavazi na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006. Kubomoa ukuta, kuongeza ghorofa, kubadilisha mlango au dirisha la mbele, hata kupanua daka, kunahitaji idhini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya pamoja na ya wapangaji wa mji wa kaunti. Wenye nyumba wengi huona hili kama kikwazo. Lakini maafisa wa uhifadhi wana michoro ya nyumba nyingi za mji na wanawajua mafundi wa chokaa na wa kuchonga kwa majina. Kuwaendea kabla ya kazi kuanza ni kupata ushauri bila kulipa mshauri. Kuwaona baada ya ukuta kubomolewa ni kupokea amri ya kusimamisha kazi, huku punda wamekwisha kuteremsha mawe mlangoni.

Leseni na kodi

Katiba imezipa kaunti jukumu la leseni za biashara na utalii wa ndani ya kaunti. Hivyo hatua ya kwanza ni kibali cha biashara cha kaunti, kinacholipiwa kila mwaka kulingana na ukubwa wa hoteli. Kabla yake maafisa wa afya ya umma hukagua jiko, vyoo, maji na mahali pa kuhifadhi chakula. Kila anayeshika chakula awe na cheti cha uchunguzi wa afya, na cheti hicho hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Wenye gesti wengi husahau la pili.

Ukaguzi wa moto ni jambo zito zaidi kuliko fomu yake. Mitaa ya Mji wa Kale ni myembamba na gari la zimamoto halipiti. Paa la makuti likishika moto wakati wa upepo wa kusi, nyumba tatu za jirani zimo hatarini kabla ya watu kukusanyika. Vizima-moto viwe kila ghorofa, ndoo za mchanga ziwe tayari, gesi ya kupikia ikae nje ya chumba kilichofungwa, na mgeni aonyeshwe ngazi siku anayofika. Mishumaa na makuti havikai pamoja, hata kama picha inapendeza.

Kisha iko leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Hii haihusu hoteli kubwa tu. Gesti, nyumba za likizo zinazokodishwa nzima na wanaopokea wageni nyumbani kwao wote wamo. Anayeorodhesha vyumba mtandaoni bila leseni aelewe kwamba tangazo lake linasomwa na wakaguzi pia.

Kwa upande wa kodi, biashara yenye mapato ya kati ya Sh1 milioni na Sh25 milioni kwa mwaka inaweza kuwa chini ya kodi ya mauzo iliyotajwa katika mfano. Mapato ya huduma zinazotozwa VAT yakifika Sh5 milioni kwa mwaka, usajili wa VAT ni lazima, na asilimia 16 huongezwa kwenye bei. Katika mfano wa juu familia iko Sh800,000 tu chini ya mpaka huo. Msimu mmoja mzuri unaweza kuivusha, na ikiwa bei zilikwisha kupangwa bila VAT, asilimia hizo 16 zitatoka mfukoni mwake. Risiti za kielektroniki za eTIMS nazo zinahitajika. Anayepiga muziki katika eneo la wageni anahitaji leseni ya hakimiliki ya muziki, hata kama ni taarabu ya chinichini wakati wa kiamshakinywa.

Daftari la wageni liwepo na litunzwe vizuri. Nakala za pasipoti zisiachwe mezani: Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamwajibisha anayezikusanya.

Jirani asiye na hoteli

Hoteli katika mtaa wa mawe haiko peke yake. Ukuta wake ni ukuta wa jirani. Malalamiko yanayozuka baina ya majirani kuhusu nyumba za wageni huhusu zaidi juu ya paa. Mwenye hoteli hupandisha ghorofa ya makuti ili wageni wapate upepo na waone bahari, na kutoka hapo mtu aliyelala kifudifudi na nguo ya kuogelea anatazama moja kwa moja kiwanda cha jirani, ambako wanawake wanapika bila buibui. Katika mji uliojengwa juu ya msingi wa faragha, hilo ni kosa, hata kama ramani imeidhinishwa. Ukuta wa kifua au kiambaza cha makuti upande wa jirani hugharimu kidogo. Kwenda kumwona jirani kabla ya kujenga hakugharimu chochote.

Mengine ya aina hiyo mgeni aelezwe mapema, ikiwezekana kabla hajalipa: kwamba adhana ya alfajiri itamwamsha, kwamba mitaani huvaliwa nguo za kusitiri, na kwamba mwezi wa Ramadhani chakula cha mchana kitaandaliwa ndani wala hakitaliwa barazani. Hoteli nyingi za familia haziuzi pombe, na wageni wengi hawajali wakielezwa tangu mwanzo. Anayelalamika mtandaoni mara nyingi ni yule aliyeambiwa usiku wa kwanza, na kwa nyumba ya vyumba sita lalamiko moja lina uzito kuliko kwa hoteli ya vyumba mia mbili.

Maji yanahitaji neno la peke yake. Maji matamu ya mji hutegemea mchanga wa Shela, ambao hunyonya mvua na kuihifadhi chini ya ardhi, na ndiyo sababu machuguu hayo yamelindwa yasijengwe. Akiba hiyo ina kikomo. Mgeni anayeoga mara tatu na kubadilishiwa taulo kila siku hutumia maji mengi kuliko mkazi wa nyumba ya pili, na maji yanapokatika mwezi wa Februari, wa kwanza kuumia si mgeni. Tangi la mvua, mabomba ya kuogea yenye mtiririko mdogo na taulo zinazobadilishwa mgeni anapoomba ni mambo ya hesabu kama ilivyo bei ya chumba. Shimo la choo nalo lipimwe upya: lililochimbwa kwa familia ya watu saba halitoshi kwa wageni kumi na wawili, na udongo wa kisiwa hupitisha uchafu hadi kwenye visima.

Nyumba za zamani zilikuwa na birika, na ndani ya birika samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Baadhi ya hoteli zimelirudisha hilo, na wageni hulipiga picha kuliko vitanda.

Miezi iliyo tupu

Wageni wa Lamu huja na kuondoka na pepo. Disemba na Januari, wakati wa kaskazi, vyumba havitoshi. Julai na Agosti ni wazuri, na Pasaka huleta Wakenya wengi. Maulidi, ambayo tarehe zake husogea kila mwaka kwa kalenda ya mwezi, hujaza mji kwa watu kutoka pwani yote, Tanzania na Comoro, ingawa wengi hufikia kwa jamaa. Kisha huja masika. Kuanzia Aprili hadi Juni mvua na bahari chafu huwafukuza watalii, na hoteli kadhaa hufunga kabisa.

Juu ya msimu kuna mishtuko isiyotabirika. Utekaji nyara wa mwaka 2011, mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 na kafyu iliyofuata, na kufungwa kwa anga mwaka 2020 kwa sababu ya korona, kila kimoja kilimwaga vyumba vya Lamu kwa miezi. Hoteli zilizonusurika zilikuwa na mambo mawili kwa kawaida: hazikuwa na mkopo mkubwa, na hazikutegemea mgeni wa aina moja. Tahadhari ya usafiri ikitolewa Ulaya, mwalimu wa Nairobi, afisa aliyekuja kwa semina na familia ya Mombasa bado wanaweza kuja, ikiwa bei na chakula viliwazingatia tangu zamani na hawakufanywa wageni wa daraja la pili.

Kwa familia inayoanza, akiba ya gharama za miezi minne, mishahara ikiwemo, iwekwe kando kabla ya gawio lolote kwa warithi. Katika mfano wetu mishahara ya wafanyakazi wanne na ya msimamizi kwa miezi minne peke yake ni Sh460,000, yaani zaidi ya gawio la mwaka mzima. Mwaka wa kwanza basi pengine hakuna wa kugawiwa, na hilo liandikwe katika makubaliano ya familia kwa herufi zinazosomeka.

Miezi ya masika haina wageni, lakini ina kazi. Ndipo magodoro huanikwa jua likitoka, umeme hukaguliwa, mchwa hutafutwa kwenye kila boriti kwa kugonga na kusikiliza. Paa hutazamwa mvua ikiwa inanyesha, kwani hapo ndipo tundu hujionyesha. Kupaka chokaa kungoje mvua zipungue, Julai haijafika.